Nchi Isiyo na Wajomba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza saa nane mchana, na paa limeanza kuvuja saa nane na dakika tano. Nimeweka beseni mahali pake pa kila mwaka, kati ya meza yangu na rafu ya vitabu. Fundi amepita, akalitazama, akasema, "Naona beseni limerudi kazini."

Fundi ni mke wangu. Anashona nguo chumba cha mbele, mimi naandika chumba cha nyuma, na kati yetu kuna pazia na mlio wa cherehani. Nilipostaafu ualimu nilidhani nitapumzika. Badala yake nimejitia kuandika hadithi ya nchi ambayo haipo, na sasa natakiwa niijue kuliko ninavyoujua mtaa wangu. Daftari hili ni la mambo ya kitabu tu. Mengine sitaki kuyaandika.

Jumanne, 5 Machi

Mhariri amepiga simu. Ni binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, mpole wa sauti, lakini akishika mswada hana huruma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeshausoma?"

"Mara mbili. Mwalimu, hawa watu wako wa Nchi ya Kiza hawaoani, sivyo?"

"Hawaoani. Wanawashiana taa."

"Sasa wifi ametoka wapi?"

Nchi yangu iko chini ya mlima, jua halifiki. Kila mtoto anazaliwa na taa isiyowaka, na aliyemwashia ndiye mtu wake wa kwanza. Hakuna harusi, hakuna mahari, hakuna ukoo. Na mimi, mwalimu wa lugha miaka thelathini na mitano, nimejaza humo mawifi na mashemeji tele. Nikamwambia kwamba hadithi isiyo na wifi itapooza, uchokozi utatoka wapi? Akacheka, lakini hakulegea.

"Msomaji akikutana na shemeji huko gizani, atamkumbuka shemeji yake aliyeko sebuleni, na nchi yako yote itayeyuka. Wape maneno yao, Mwalimu. Ya taa, ya utambi, ya huko huko kwao."

Ana haki. Ndiyo maana nimekasirika.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimemfukuza wifi. Shemeji amegoma kutoka.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata matatu. Aliyekuwashia taa ni *mwashaji* wako. Aliyekuziba upepo mpaka mwanga wako ukakomaa ni *mkinga* wako. Mliowashwa kwa mwali mmoja ni *wa utambi mmoja*. Nimemsomea Fundi kutoka huku nyuma ya pazia. Akasema, "Na mwashaji asipokuwa mkinga?" Nikamwambia nitafika huko. Cherehani ikaendelea.

Jumapili, 10 Machi

Kitinda amepiga. Huyu ni dada yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu, na jina hilo la utani limemganda mpaka mvi zimemtoka. Amesema binti yake anakuja kufanya mafunzo ya maabara katika hospitali ya hapa, na atakaa kwetu mpaka mwisho wa Mei.

"Amechagua mwenyewe hospitali hiyo, Kaka. Alipewa tatu, akaitaka hiyo."

Nilipomweleza Fundi, cherehani ilinyamaza.

"Atalala wapi?" akauliza.

"Chumba cha kijana wetu. Si kitupu?" Mtoto wetu wa kwanza anafanya kazi mbali, huja mara moja kwa mwaka.

Jioni nimemkuta amekata kitambaa cha pazia jipya, cha maua, kile alichokificha kabatini miaka yote akisema hakijapata dirisha lake.

Alhamisi, 14 Machi

Amefika. Mrefu, ana sauti ya chini, anavua viatu na kuvipanga sambamba mlangoni kama Fundi anavyopanga vyake.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mkaza mjomba."

Vijana wa leo neno hilo hawalijui. Mke wa mjomba wanamwita anti, au mama tu, mambo yakaisha. Huyu amefundishwa kusema *mkaza mjomba* tangu hajajua kuvaa viatu, na analitamka lote, bila kumeza herufi. Fundi akaitika, "Marahaba, karibu," akaupokea mfuko wake.

Nilisema daftari hili ni la kitabu. Basi niandike mara moja, kisha nirudi kwenye kitabu. Binti huyu ni wetu. Fundi amemzaa. Mimi nilimpa dada yangu, akiwa na miezi minne, na tukaapa kwamba hatajua. Ana miaka ishirini na mbili, na mke wangu haitwi mama na mtoto huyu. Akiondoka hapa ameshapata kazi ng'ambo, mkataba wa miaka mitano. Fundi ana miaka sitini na moja na moyo wake daktari anausikiliza kila mwezi. Nafasi ni hizi wiki kumi.

Jumamosi, 16 Machi

Wakati wa chakula mpwa wangu ametania kwamba anatafuta wa kufanyia mazoezi. "Mjomba, nikutoe damu kidogo? Tujue kundi lako."

Nimemwambia naogopa sindano. Fundi ameniangalia kwa sababu anajua siogopi. Nilishashonwa kidole bila ganzi.

Jumanne, 19 Machi

Beseni limejaa mara mbili. Sijaandika kitu.

Jumatatu, 25 Machi

Mhariri amerudisha sura ya tisa. Ni sura ninayoipenda. Humo Mlinda Daraja anachukua taa ndogo aliyoiwasha mwanamke anayeishi naye, anaipeleka kwa dada yake ambaye tambi zake hazishiki moto, na mtoto anakulia kwenye pango hilo akimjua dada kuwa mwashaji wake. Pembeni kuna wino mwekundu:

"Mwalimu, neno 'mkaza mjomba' liko hapa mara kumi na moja. Hii ni nchi isiyo na wajomba, mke wa mjomba atatoka wapi? Hili haliwezi kuwa kosa la kuchapa. Linanuka nyumba ya mtu. Mtoto amwite nini huyu mwanamke? Chagua neno."

Nikahesabu. Kumi na moja kweli. Naapa sikuliona nilipoandika. Nimewafukuza wifi na shemeji na baba mdogo, nikapekua kila kona, na neno hilo nikalipita mara kumi na moja bila kuliona.

Jumatano, 27 Machi

Nimejaribu: *mwashaji wa kwanza*. Hapana, mtoto hajui. *Mwenye mwali*. Linasikika kama jina la duka la viberiti. Kila neno ninalolijaribu nalisikia kwa sauti ya mpwa wangu, likisemwa kwa Fundi mezani. Nimeacha nafasi wazi kumi na moja.

Jumanne, 2 Aprili

Fundi ananihimiza niende maktaba hata mvua ikinyesha. "Mwavuli huo hapo, Mzee. Utakaa humo kama popo mpaka lini?" Zamani nikitoka alikuwa akinung'unika. Labda anaona ninavyokaa bila kuandika. Kwa hiyo kila siku saa tisa natoka, saa kumi na moja narudi, na namkuta binti amesharejea kutoka hospitali, anachambua mboga, na Fundi anashona.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo nimewaona wote wawili wakinyanyua mguu wa kushoto kujikuna kisigino. Nimeondoka mezani.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua imenyesha tangu asubuhi na maktaba imefungwa. Nimekaa na nafasi zangu kumi na moja, na nimeona kwamba sura ya tisa haitakwenda popote mpaka nieleze ilivyokuwa. Hapa, si kitabuni.

Kitinda alikuwa amepoteza mimba tatu. Ya tatu nilimchukua mimi hospitali, kwa sababu mumewe alikuwa safarini na lori. Mvua kama hii. Njia nzima hakulia, na hilo ndilo lililonitisha. Tulipofika kwenye lango la nyumba yangu tukamsikia mtoto wetu mchanga akicheka ndani. Kitinda akashika ule mti wa lango akasema, "Kaka, nyie mna wawili." Basi. Hakuomba. Mimi ndiye niliyesema, "Chukua huyu umlee." Nilisema pale langoni, viatu vimejaa tope, kabla sijamwona mke wangu.

Nikaingia. Fundi alikuwa ananyonyesha. Nikamwambia, "Kitinda atakaa na mtoto kidogo."

Akauliza, "Kidogo ni siku ngapi?"

Nikainama kuvua viatu. Alinitazama usoni, akamtazama wifi yake aliyesimama mlangoni akitiririka maji. Akasema, "Haya."

Alimaliza kunyonyesha. Akakunja nguo za mtoto, ndogo juu, kubwa chini, akazifunga kwa khanga yake mpya. Hakusema neno jingine juu ya hilo siku hiyo, na wala hajalisema hadi leo. Watu walinisifu. Ndugu gani huyu, walisema, amempa dada yake mtoto. Nikasifiwa kwa zawadi ambayo haikuwa yangu peke yangu kuitoa. Hatukupata mtoto mwingine tena.

Hadi leo nimekuwa nikijiambia kwamba alikubali. Alisema haya, si alisema haya? Lakini mimi ni mwalimu wa lugha. Najua tofauti ya mtu aliyeulizwa na mtu aliyeambiwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Kuna jingine. Jana nililiruka.

Mtoto alipofika miaka miwili, Kitinda alimleta kututembelea. Watoto wa umri huo kila mwanamke kwao ni mama. Akamkimbilia Fundi, akamkumbatia miguu, akamwita mama. Kitinda akabadilika rangi. Nikamchukua mtoto nikampakata, nikatoa peremende mfukoni, nikamwambia, "Huyu si mama. Huyu ni mkaza mjomba. Sema, mkaza mjomba." Akasema *katajomba*. Nikampa peremende. Akasema tena, nikampa nyingine. Kitinda angeridhika na "mama mkubwa", lakini mimi nililikwepa hata hilo, kwa kuwa linaanza na mama.

Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Aliendelea kutia uzi mpaka somo likaisha. Somo zuri kuliko yote niliyowahi kufundisha, kwa sababu mwanafunzi hajalisahau miaka ishirini.

Alhamisi, 11 Aprili

Mhariri: "Mwalimu, zile nafasi?" Nimemwambia mtandao unasumbua.

Jumanne, 16 Aprili

Nimekata shauri. Nitamwambia binti mwenyewe. Jumapili, baada ya chakula, nitamketisha nimweleze, na Fundi atasikia jina lake hatimaye. Kitinda nitamwomba radhi baadaye. Kiapo nilikula mimi, nitakivunja mimi. Nimeanza kuandika maneno nitakayosema. Nimeandika "Mwanangu," nikalifuta. Nikaandika "Mpwa wangu," nikalifuta pia. Nimekwama kwenye neno la kwanza, kama kitabuni.

Fundi sijamwambia. Nataka iwe zawadi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimelisoma hilo neno "zawadi" hapo juu. Limenichoma, lakini sijabadili nia.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimekwenda maktaba saa tisa kama kawaida. Mtaro wa barabara kuu umefurika, mlinzi akatuambia turudi. Nimefika nyumbani saa tisa na nusu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo hawakunisikia. Mlango wa mbele ulikuwa umeegeshwa. Cherehani ilikuwa kimya.

Nikamsikia binti akisema, "Mama."

Nikajua anazungumza na Kitinda kwenye simu. Nikasimama nisimkatize, nikaanza kukunja mwavuli.

"Mama, hapa nipinde mara moja au mara mbili?"

"Mara mbili, mwanangu. Ukipinda mara moja uzi utatoka."

Ilikuwa sauti ya Fundi. Nimeishi na sauti hiyo miaka thelathini na nne. Sikuwahi kuisikia ikiwa imelegea hivyo, haina haraka ya kwenda popote.

"Mama."

"Abee."

"Hakuna kitu. Nimeita tu."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu ambao mzaha huo wameshauzoea.

Sikuingia. Nimerudi mpaka kibanda cha fundi viatu, nikakaa kwenye benchi lake. Akaniuliza, "Mwalimu, kiatu gani?" Nikamvulia cha kulia, kilikuwa kizima. Akakigeuza geuza, akakipiga nyundo mara mbili kwa heshima. Nilikuwa na furaha, lazima niandike hivyo. Mke wangu ameitwa mama. Kisha nikafikiria zile saa tisa zote, na mwavuli niliokuwa nikikabidhiwa mlangoni. Kwamba neno hilo linasemwa nyumbani mwangu kila siku, na sharti lake la kusemwa ni mimi niwe nimetoka.

Saa kumi na moja nimerudi, nikikohoa tangu langoni. Cherehani ilikuwa inalia.

"Mkaza mjomba, nikuongezee ugali?" binti aliuliza mezani.

"Kidogo," akasema Fundi.

Jumapili, 21 Aprili

Ndiyo siku niliyojipangia. Nimesema naumwa kichwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Binti alipokwenda hospitali, nimepita upande wa pili wa pazia na kukaa kwenye kiti cha wateja. Fundi alikuwa na pini mdomoni.

"Tangu lini?" nimeuliza.

Hakujifanya haelewi. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo. Zilikuwa sita.

"Wiki ya pili."

"Nani alimwambia?"

"Hakuambiwa. Alikuja anajua. Kitinda pia anajua kwamba anajua."

"Kumbe wote. Mbona mimi hamkuniambia?"

"Hatukukuuliza," akasema.

Aliisema bila ukali, kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa hakikutosha. Nikamweleza kwamba nilitaka kumwambia binti jana, nilishaanza hata kuandika maneno. Hapo ndipo alipokasirika. Sijamwona amekasirika hivyo tangu nimuoe.

"Ulitaka kumpa tena," akasema. "Safari ile ulimpa Kitinda bila kuniuliza, safari hii ulitaka kunipa mimi bila kumwuliza Kitinda, wala mtoto, wala mimi. Mzee, wewe mtoto kwako ni sahani ya jirani? Unaipeleka, unairudisha?"

Nikamwambia nisamehe. Akasema, "Toka kwenye mwanga, nashona."

Jumanne, 23 Aprili

Kimya. Beseni limejaa, nimelimwaga. Nimelirudisha.

Alhamisi, 25 Aprili

Binti amekuja chumbani kwangu na kikombe cha chai, akafunga pazia. Amekaa kwenye ngazi ya rafu kwa kuwa kiti ni kimoja.

"Mkaza mjomba ameniambia umesikia."

"Nimesikia."

"Ilikuwa mwaka wa kwanza chuoni," akasema. "Tulijipima makundi ya damu. Mimi ni O. Mama ni AB, iko kwenye kadi yake ya kliniki, na mtu wa AB hazai mtoto wa O. Nikarudia kipimo mara tatu, nikidhani nimekosea. Likizo nikamwuliza. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akaniambia yote, mpaka lango, mpaka mvua."

"Mpaka peremende?"

"Hiyo naikumbuka mwenyewe," akasema. "Ilikuwa ya limau."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimwambia kwamba nilimkosea, na mkaza mjomba wake nilimkosea zaidi, na kwamba kila siku tangu aje nimekuwa nikitafuta neno na sikulipata. Alinisikiliza vizuri. Ana usikivu wa watu wa maabara, wanaosubiri kitu kibadilike rangi.

"Sina hasira," akasema. "Nililelewa vizuri, Mjomba. Mama nimejikuta ninao wawili, na Mungu akipenda wote nitawatunza."

Nikasubiri. Naandika hili kwa aibu, lakini nilisubiri. Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili nikisubiri afike upande wangu.

Akaliona. Akainama kidogo, akasema polepole ili asiniumize, "Baba nilimzika mwaka juzi."

Ni kweli. Shemeji yangu, yule wa lori. Alikuwa akimbeba binti huyu mabegani mpaka shuleni, na siku ya mazishi ni yeye aliyekaa karibu na kichwa chake. Mimi siku hiyo nilisimama na wajomba wengine.

"Sawa," nikamwambia. "Ni haki yako."

"Chai itapoa, Mjomba," akasema.

Jumamosi, 27 Aprili

Natoka saa tisa. Siku hizi sihitaji kuambiwa.

Jumatano, 8 Mei

Mhariri amenionya kwa upole wake wenye makali kwamba wachapaji hawasubiri mvua ikatike.

Ijumaa, 10 Mei

Leo nimefanya jambo ambalo lilitakiwa nilifanye miaka ishirini na miwili iliyopita. Nimechukua sura ya tisa, nimepita pazia, nimesimama mahali ambapo sizuii mwanga.

"Fundi, nimekuja kukuuliza."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

Nimemsomea sura yote. Taa, dada, daraja, na yule mwanamke aliyebaki pangoni mikono mitupu. Kila nilipofika kwenye nafasi wazi nilinyamaza, na yeye alitikisa kichwa niendelee. Nilipomaliza nikasema, "Mtoto huyu amwite nini huyu mwanamke? Sitaandika mpaka unijibu. Na ukisema niifute sura yote, nitaifuta."

Nikaona anatafuta usoni mwangu kama ninatania.

"Niache nifikirie," akasema.

"Siku ngapi?" nikamwuliza, kisha nikajisikia vibaya, kwa sababu swali hilo ni lake.

"Tatu," akasema.

Jumatatu, 13 Mei

Amenijibu leo wakati ananyoosha kola ya shati langu kwa pasi.

"Mwite mama."

"Na yule dada aliyemlea?"

"Naye mwite mama. Msomaji si mjinga, atajua nani ni nani."

"Mhariri atasema neno hilo ni la huku kwetu. Kule kila jina limetokana na taa."

"Mwambie mengine yote wamebadilisha, hilo limewashinda." Akageuza shati. "Na yule mwanaume, mtoto anamwita nani?"

Nilikuwa nimemwachia "mjomba" mahali saba. Mhariri kwa huruma yake alikuwa hajalisemea hilo bado. "Nimeliondoa," nikamwambia. "Ataitwa Mlinda Daraja tu. Kwa kazi yake."

"Kama mimi Fundi," akasema.

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Waume wengine mtaani huita wake zao kwa watoto waliowazaa, mama fulani, mama fulani. Mimi nilianza kumwita Fundi mwaka ule ule wa lango, kama mteja. Nilifungua mdomo nimwombe radhi kwa hilo pia, akanikabidhi shati.

"Vaa, limekauka."

Jumatano, 15 Mei

Mhariri amepiga. "Mwalimu, mama wawili? Baada ya taabu yote hiyo ya mwashaji na mkinga?"

"Ndiyo."

"Nani amekushauri?"

"Mwenye neno."

Nikasikia anageuza kurasa. "Nilikuwa nimejiandaa kukupinga," akasema. "Halafu nimesoma mahali pa nane, pale mtoto anapoita bila sababu, na yule mwanamke anaitika. Acha ibaki."

Jumanne, 21 Mei

Hakuna mvua siku ya tatu. Beseni kavu. Sijaliondoa bado.

Jumamosi, 25 Mei

Tumemsindikiza binti kituo cha basi, anaanzia kwa Kitinda kuaga, kisha uwanja wa ndege. Amevaa gauni alilolipinda pindo mwenyewe, mara mbili. Mfuko wake umezidi ule aliokuja nao kwa sababu Fundi amemtilia pazia la maua. Ameling'oa dirishani leo asubuhi. Amesema litapata dirisha jingine huko.

Dereva alipowasha injini nikaona wanatazamana na kunitazama. Nikasema ngoja nikatafute maji ya njiani. Hakuna aliyeyaomba. Kibanda kilikuwa hatua ishirini, nimezitembea kama arobaini, nikasoma lebo za chupa zote, nikamwuliza muuzaji habari za watoto wake, wakiwemo wawili ambao sikujua kama anao. Nilimpa mgongo mke wangu kwa makusudi, ili aitwe.

Niliporudi walikuwa wameachana mikono. Nikajua nimewapa muda wa kutosha, nikamkabidhi binti chupa. Akanipa mkono wake wa kulia, akaushikia wa kushoto chini kwa heshima.

"Kwaheri, Mjomba. Beseni lile liondoe sasa, mtakuja kujikwaa."

"Nitaliondoa. Safari njema, mpwa wangu."

Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Kisha akageuka. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, sijakwenda popote, na aliniona kwamba nipo.

"Mama," akasema, "simu yako uichaji leo. Nitapiga nikifika."

"Haya," akasema mama yake.